Fotoni Ilikuwaje Kabla Hatujaipima?

Msomaji wetu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fizikia, ameandika swali ambalo nalifupisha hivi: "Mwalimu, shikamoo. Tunafundishwa kwamba nadharia ya kwanta hutoa uwezekano wa matokeo ya vipimo vitakavyofanywa. Je, tunaweza kuitumia kurudi nyuma? Nikipima mwelekeo wa mtetemo wa fotoni (chembe ya mwanga) na kigunduzi cha wima kikaipokea, nina haki ya kusema kwamba fotoni hiyo ilikuwa ya wima kabla sijaipima? Kama sina haki hiyo, wanajiolojia wanasomaje umri wa miamba kutokana na kuoza kwa atomu, ilhali kuoza ni tukio la kwanta lisilotabirika? Na je, ipo hali yoyote ambayo mtu anaweza kusema jambo la nyuma kwa yakini kabisa?"

Marahaba. Maswali yako matatu yana shina moja. Ndiyo, uwezekano unaturuhusu kukisia yaliyopita katika fizikia ya kwanta, tena kwa hesabu zilezile tunazotumia kutabiri yajayo, lakini kwa masharti mawili. Sharti la kwanza linahusu hesabu za uwezekano popote zinapotumika: lazima useme ulijua nini, au ulidhani nini, kabla ya kipimo. Sharti la pili ni la kwanta yenyewe, na ndilo ambalo mihadhara ya mwanzo hulipita haraka mno: jambo unalolikisia lazima liwe limetokea na kuacha alama mahali fulani, au liwe jibu la swali lililoulizwa kweli na kifaa fulani. Haliwezi kuwa jibu la swali ulilolibuni leo na kulipachika katika jana.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mwaka 1926 Max Born alipendekeza kwamba namba changamano zinazoieleza hali ya mfumo wa kwanta, yaani amplitudo zake, hugeuka kuwa uwezekano pale tunapochukua mraba wa ukubwa wake. Kanuni hiyo inasema kwamba mfumo ukiandaliwa hivi, uwezekano wa kupata jibu lile ni kiasi hiki. Mwelekeo wake ni kutoka maandalizi kwenda matokeo. Wewe unauliza kinyume chake: jibu nimeshalipata, sasa uwezekano wa kwamba maandalizi yalikuwa yale ni kiasi gani? Hizo ni namba mbili tofauti, na anayezichukulia kuwa moja amekwisha kupotea kabla hata ya kufika kwenye ugumu wa kwanta. Daraja kati yake lilijengwa zamani. Ni kanuni ya Thomas Bayes iliyochapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake, na ambayo Laplace aliipa nguvu mwaka 1774 katika andiko lake kuhusu uwezekano wa visababishi: zidisha uwezekano wa awali wa kila kisababishi kwa uwezekano wa kisababishi hicho kuleta jibu ulilolipata, kisha gawanya kila zao kwa jumla ya mazao yote. Tabibu wa zahanati hufanya jambo hilohilo bila kuandika fomula yoyote, kwani jibu chanya la kipimo cha malaria kwa mtu anayeishi kando ya ziwa wakati wa masika halina uzito sawa na jibu chanya la mtu ambaye hajawahi kutoka kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Sasa tuichukue fotoni yako na kuitazama kwa karibu. Tuseme mtumaji ana mielekeo minne ya mtetemo anayoweza kuipa fotoni: mlalo, wima, mshazari wa kulia na mshazari wa kushoto, na kwamba huchagua mmoja kati ya hiyo minne kwa bahati nasibu iliyo sawa, robo kwa kila mmoja. Wewe, mpokeaji, una fuwele inayoitenganisha njia ya mlalo na njia ya wima, na mwishoni mwa kila njia kuna kigunduzi. Kanuni ya Born inasema fotoni ya wima itafika kwenye kigunduzi cha wima daima, ya mlalo haitafika kamwe, na zile za mshazari, za kulia na za kushoto, zitafika kwa uwezekano wa nusu. Kigunduzi cha wima kimepokea fotoni. Ukizidisha na kugawanya kama Laplace alivyoelekeza, utapata kwamba uwezekano wa kuwa mtumaji alituma wima ni nusu, mshazari wa kulia ni robo, mshazari wa kushoto ni robo, na mlalo ni sifuri. Kwa hiyo jibu la "wima" halikupi haki ya kusema "ilikuwa wima". Linakupa haki ya kusema kwamba wima ndiyo inayoongoza, na haijapita nusu. Jambo pekee unalolijua kwa yakini ni la kukanusha: mtumaji hakutuma mlalo. Naomba uliweke akilini jambo hilo, kwa sababu katika kwanta yakini kuhusu yaliyopita mara nyingi huja kwa sura hiyo ya kukanusha.

Badili kidogo uwezekano wa awali, uone kinachotokea. Tuseme kifaa cha mtumaji kina kasoro na hutuma mshazari wa kulia mara saba katika kila kumi, na mielekeo mingine mitatu mara moja moja. Kigunduzi cha wima kikipokea fotoni, mazao yetu ni 0.1 kwa wima, 0.35 kwa mshazari wa kulia, 0.05 kwa mshazari wa kushoto na sifuri kwa mlalo. Jumla ni 0.5. Uwezekano uliosahihishwa unakuwa 0.2 kwa wima na 0.7 kwa mshazari wa kulia. Kifaa chako kimesema wima waziwazi, bila hitilafu yoyote, na bado dau la busara ni kwamba fotoni haikutumwa ikiwa wima. Mwanafunzi anayeandika katika daftari la maabara kwamba fotoni ilikuwa wima kwa kuwa kigunduzi cha wima ndicho kilichoipokea, hapo angekosea mara nne katika kila tano.

Hadi hapa utasema hakuna kipya, na kwamba hata mipira ya rangi ndani ya mfuko ingetufikisha hapohapo. Kwanta inaingia pale unaposema: "Sawa, sijui mtumaji alituma nini, lakini fotoni yenyewe, kabla tu ya kuifikia fuwele yangu, lazima ilikuwa ama wima ama mlalo, na mimi nimegundua tu ni ipi." Kauli hiyo inaonekana haina hatia yoyote, lakini jaribio linaikataa. Fotoni iliyotumwa kwa mshazari wa kulia, ukiipokea kwa fuwele iliyogeuzwa nyuzi 45, itakwenda upande wa mshazari wa kulia kila mara bila kukosa. Laiti fotoni hizo zingekuwa kundi lililochanganyika, nusu wima na nusu mlalo, kila moja ikibeba jibu lake kimyakimya, basi nusu yake zingekwenda upande wa kushoto. Haziendi. Kwa hiyo, kwa fotoni iliyotumwa kwa mshazari, sentensi "ilikuwa ama wima ama mlalo, hatujui ipi" haiwezi kusomwa kama kutojua kwa kawaida. Uwezekano wa nusu kwa nusu tuliouona kwenye vigunduzi ulizaliwa katika kukutana kwa fotoni na fuwele. Haukuwa orodha ya majibu iliyokuwa ikisafiri na fotoni tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka uishike. "Mtumaji alituma nini?" ni swali halali kuhusu yaliyopita, kwa sababu mtumaji alifanya tendo, na tendo hilo lina kumbukumbu: mkao wa kifaa chake, tarakimu katika kompyuta yake. "Fotoni ingejibu nini kama ningeipima njiani, ingawa sikuipima?" ni swali la aina nyingine kabisa, na kanuni ya Bayes haina mahali pa kulishikia mpaka mtu alete kifaa na kuliuliza kweli.

Ukomo huo wa kurudi nyuma una kazi duniani. Mpango wa kugawana ufunguo wa siri ambao Charles Bennett na Gilles Brassard waliuweka wazi mwaka 1984 unatumia mielekeo hiyohiyo minne. Mpokeaji na mtumaji hutangaziana baadaye, hadharani, ni jozi ipi kila mmoja alitumia, ya mlalo na wima au ya mishazari, bila kutaja mwelekeo wenyewe. Jozi zinapolingana, robo na nusu tulizopata hapo juu hugeuka kuwa moja na sifuri, na mpokeaji anajua kwa yakini kilichotumwa. Mdukuzi aliyeidaka fotoni njiani hana tangazo hilo wakati anapopima. Akichagua jozi kwa kubahatisha na kuituma fotoni mpya mbele, atasababisha makosa katika robo ya biti zilizobaki baada ya kutupwa zile ambazo jozi hazikulingana, na makosa hayo yatamfichua. Usalama wote umejengwa juu ya ukweli kwamba kipimo kimoja hakitoshi kuirudisha historia ya fotoni.

Nije kwenye jambo ambalo wengi huliona la ajabu. Ukiitazama kanuni ya Born, mraba wa amplitudo ya kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili ni sawasawa na mraba wa amplitudo ya kutoka ya pili kurudi ya kwanza. Fomula haijui saa inakwenda upande gani. Satosi Watanabe alilisisitiza hilo mwaka 1955, na mwaka 1964 Yakir Aharonov, Peter Bergmann na Joel Lebowitz walitoa kanuni inayotendea mwanzo na mwisho kwa usawa. Tofauti tunayoihisi kati ya kutabiri na kukisia nyuma inatoka kwetu sisi: tunaweza kuamua tuandae nini, lakini hatuwezi kuamua tupate jibu gani, na kwa hiyo mwanzo hubeba uwezekano wa awali tuliouchagua, wakati mwisho hauna. Pale maandalizi yote yanapokuwa na nafasi sawa, upendeleo huo unatoweka, na kukisia nyuma kunatumia namba zilezile za kutabiri. Ndivyo ilivyokuwa katika robo nne za mfano wetu wa kwanza.

Mjadala huu una umri karibu sawa na nadharia yenyewe. Katika mihadhara yake ya Chicago ya mwaka 1929, Werner Heisenberg alikiri kwamba ukijua kasi ya elektroni, kisha ukapima mahali ilipo kwa usahihi mkubwa, unaweza kukokotoa ilikuwa wapi kabla ya kipimo hicho kwa usahihi unaopita mpaka wa kanuni yake ya kutokuwa na uhakika, isemayo kwamba mahali na kasi ya chembe haviwezi kujulikana vyote kwa usahihi kamili. Lakini alisema maarifa hayo hayawezi kutumika kutabiri chochote, kwa sababu kipimo cha mahali kimeivuruga kasi, na kwamba kuyaita uhalisia au kutoyaita ni suala la mtu na ladha yake. Mwaka 1931 Einstein, Tolman na Podolsky walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwa jaribio la kufikirika kwamba kama njia iliyopita ya chembe moja ingejulikana kikamilifu, tungeweza kuitumia kutabiri tabia ya chembe nyingine kwa usahihi ambao nadharia inaukataza, na wakahitimisha kwamba kutokuwa na uhakika kunayahusu yaliyopita kama kunavyoyahusu yajayo. Mimi nadhani hoja hiyo ya 1931 imesahaulika isivyostahili. Inafaa kusomeshwa sambamba na ya Heisenberg.

Kanuni ya 1964 ina mfano mmoja ambao ukiuelewa vizuri utakuwa umeshika kiini cha jambo lote. Ulitolewa na Aharonov na Lev Vaidman mwaka 1991. Chembe moja imeandaliwa katika hali inayosambaa sawasawa katika masanduku matatu, A, B na C, kwa amplitudo sawa. Mwishoni tunafanya kipimo kinachouliza kama chembe iko katika hali nyingine maalumu, ambayo ni ileile isipokuwa amplitudo ya C imegeuzwa kuwa hasi. Tunabakiza majaribio yaliyojibu "ndiyo" tu. Katikati ya mwanzo na mwisho tunaruhusiwa kufungua sanduku moja.

Fanya majaribio 900 ukifungua A. Kwa wastani utaikuta chembe ndani ya A mara 300, na katika hizo, kipimo cha mwisho kitajibu "ndiyo" mara 100. Mara 600 zilizobaki hutaikuta ndani ya A, na chembe itabaki katika hali ya B na C kwa pamoja. Sasa tazama: katika kipimo cha mwisho mchango wa B ni chanya na wa C ni hasi, ukubwa wao ni sawa, kwa hiyo unafutana kabisa, na hakuna hata moja kati ya 600 itakayojibu "ndiyo". Hivyo majaribio yote 100 yaliyopita mchujo ni yale ambayo chembe ilikutwa ndani ya A. Ukirudi nyuma kutoka kwenye matokeo ya mwisho unasema, kwa uwezekano wa moja kamili, kwamba chembe ilikutwa ndani ya A. Rudia yote ukifungua B badala ya A, na hesabu ni zilezile: kwa uwezekano wa moja kamili ilikutwa ndani ya B.

Chembe ni moja, masanduku ni mawili, na yakini ni mbili. Wapo wanaokimbilia kusema kwamba chembe ilikuwa katika masanduku yote mawili kwa wakati mmoja. Kabla ya kwenda huko, fungua C. Utaikuta ndani ya C mara 300, na 100 kati ya hizo zitapita mchujo. Mara 600 hutaikuta, na chembe itakuwa katika hali ya A na B kwa pamoja. Safari hii michango yote miwili ni chanya, inajumlishana, na majaribio 400 yanapita. Jumla ya waliopita ni 500, si 100. Unaona kilichotokea? Kufungua sanduku tofauti kumebadilisha kundi lenyewe la majaribio tunayoyazungumzia. "Uwezekano wa kuwa ndani ya A" na "uwezekano wa kuwa ndani ya B" ni kauli kuhusu majaribio mawili tofauti, kila moja na swali lake lililoulizwa katikati, na hakuna jaribio lolote ambamo yakini zote mbili zinakaa pamoja. Anayeziunganisha ameondoa maneno "likifunguliwa sanduku hili" kutoka kwenye sharti la uwezekano, na bila maneno hayo namba yake haina maana.

Mfano huohuo unajibu hofu nyingine inayojitokeza mara kwa mara, kwamba huenda kipimo cha mwisho kimeyabadilisha yaliyopita. Hapana. Ukifungua A, utaikuta chembe ndani yake mara 300 katika 900, awe mtu amefanya kipimo cha mwisho, ameghairi, au ameamua kupima kitu kingine. Kinachobadilika ni yapi kati ya majaribio hayo tunayabakiza mezani. Majaribio ya uchaguzi uliocheleweshwa, ambamo namna ya kuipima fotoni huamuliwa ikiwa imekwisha kuingia katika kifaa, wazo la John Wheeler lililotekelezwa kwa fotoni mojamoja nchini Ufaransa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2007, yanasomeka vizuri kwa mtazamo huo bila kulazimisha mkono wa leo ufike jana.

Haya si mambo ya karatasini tu. Mwaka 2013 Søren Gammelmark, Brian Julsgaard na Klaus Mølmer wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliandika hesabu ya jumla kwa mfumo unaofuatiliwa mfululizo: pamoja na hali ya kawaida inayosonga mbele na kukusanya yote yaliyopimwa hadi saa fulani, kuna kitu cha pili kinachorudi nyuma kutoka mwisho na kukusanya yote yaliyopimwa baada ya saa hiyo. Ukiviunganisha viwili hivyo, unapata makisio bora ya jibu la kipimo kilichofanywa saa hiyo lakini ambacho matokeo yake umefichwa. Mwaka 2015 wazo hilo lilijaribiwa Paris katika maabara ya Serge Haroche, ambako atomu hupita mojamoja katika chombo chenye vioo na kuhesabu fotoni zilizomo bila kuzimeza, na nchini Marekani kwa saketi ndogo zinazopitisha umeme bila ukinzani. Makisio yaliyotumia kumbukumbu za pande zote mbili, kabla na baada, yalikuwa na mtikisiko mdogo kuliko yale yaliyotumia za kabla peke yake. Ona kwamba kilichokisiwa kilikuwa kipimo kilichofanywa, chenye jibu lililoandikwa mahali, na kwa hiyo makisio yangeweza kulinganishwa na ukweli.

Sasa miamba. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika bonde la Olduvai, na mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba majivu ya volkano ya tabaka lake yana umri wa miaka milioni 1.75, wakitumia potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni. Kila kuoza kwa atomu ya potasiamu-40 ni tukio la kwanta ambalo hakuna aliyeweza kulitabiri. Atomu ambayo haijaoza haina umri wowote wa kukusimulia, maana uwezekano wake wa kuoza kesho ni uleule uliokuwapo siku ya kwanza. Atomu moja iliyokwisha kuoza nayo inasimulia machache: ukiifungia kwa muda unaolingana na nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya atomu za aina hiyo huwa zimeoza, kisha ukaikuta imeoza, unachoweza kusema ni kwamba kuna asilimia kama 59 kuwa iliozea katika nusu ya kwanza ya kipindi hicho na 41 kuwa iliozea katika nusu ya pili. Hayo si maarifa ya kujengea historia ya binadamu.

Lakini wanajiolojia hawaulizi atomu moja. Nusu-maisha ya potasiamu-40 ni takriban miaka bilioni 1.25, na ni kama atomu moja katika kumi ya zinazooza inayogeuka agoni, nyingi ya zilizobaki zikiwa kalsiamu. Kwa miaka milioni 1.75, katika kila atomu 10,000 za potasiamu-40 zilizokuwapo mwanzoni, ni kama moja tu iliyokwisha kuwa agoni. Ni kiasi kidogo mno, lakini hata punje ndogo ya madini ina atomu nyingi mno, na mtikisiko wa bahati nasibu hupungua kadiri kipeuo cha pili cha hesabu yake kinavyokua: kwenye atomu bilioni 1,000 za agoni, bahati nasibu ya kwanta inachangia kosa la sehemu moja katika milioni. Kilichowasumbua wapimaji hakikuwa kwanta hata kidogo. Kilikuwa ni uwezekano wa awali: je, agoni yote ya zamani ilitoroka lava ilipokuwa ya moto, saa ikaanza sifuri? Je, hakuna punje za mwamba mkongwe zilizochanganyika na majivu? Je, agoni mpya haikuvuja baadaye? Sharti letu la kwanza ndilo linalobeba uzito wote hapo.

Na sharti la pili limetimizwa na mwamba wenyewe. Atomu inapooza, agoni inabaki imenaswa ndani ya fuwele, nishati inatawanyika, atomu jirani zinasukumwa, na habari za tukio zinaenea katika vitu vingi kiasi kwamba hakuna namna ya kuzikusanya tena na kuyafanya "imeoza" na "haijaoza" yaingiliane kama michango ya B na C ilivyofutana. Mazingira yameshauliza swali, tena mara nyingi, bila mtu kuwapo. Ndiyo maana tunasema bila kusita kwamba atomu ya Olduvai ilioza kabla hatujaja, na tunasita kusema kwamba fotoni ya mshazari ilikuwa wima kabla ya fuwele.

Wataalamu hawakubaliani juu ya nini kilichopo nyuma ya namba hizi. Kwa wafuasi wa David Bohm, kwa nadharia yake ya 1952, chembe ina njia halisi hata isipotazamwa. Kwa wafuasi wa Hugh Everett, tangu 1957, matokeo yote yapo, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Robert Griffiths alianzisha mwaka 1984 mtazamo wa historia zinazolingana, unaoruhusu kusimulia yaliyopita mradi familia ya historia itimize masharti fulani, na Adrian Kent akaonyesha mwaka 1997 kwamba familia mbili halali zinaweza kutoa, kutokana na data zilezile za leo, makisio mawili ya yakini ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kwangu mimi hoja ya Kent ni onyo zito dhidi ya kusimulia yaliyopita yasiyo na kumbukumbu. Kwa swali lako, hata hivyo, mitazamo yote hiyo inatoa namba moja.

Limebaki swali lako la tatu, la yakini. Ipo, na haiko kwenye kukanusha peke yake. Tuseme unajua kwamba mtumaji hutuma ama mlalo ama mshazari wa kulia, nusu kwa nusu, na basi. Pima kwa fuwele ya mlalo na wima. Kigunduzi cha mlalo kikipokea fotoni, huna uhakika, kwa kuwa zote mbili zingeweza kufika hapo. Kigunduzi cha wima kikipokea, mlalo haiwezekani, na kwa kuwa chaguo zilikuwa mbili tu, umejua kwa yakini kamili kwamba mtumaji alituma mshazari. Kukanusha kumegeuka kuwa kuthibitisha. Njia hii hukupa jibu la yakini mara moja katika nne, na daima ni kwa mshazari tu. Kati ya 1987 na 1988 Ivanovic, Dieks na Peres walipata kipimo bora zaidi kuliko vyote, chenye majibu matatu: "mlalo kwa yakini", "mshazari kwa yakini", na "sijui". Kwa hali mbili zenye nafasi sawa, sehemu ya majibu ya yakini haiwezi kuzidi moja kutoa ukubwa wa amplitudo kati ya hali hizo mbili. Kwa nyuzi 45 amplitudo hiyo ni 0.707, kwa hiyo yakini inapatikana katika asilimia 29 ya fotoni, na katika asilimia 71 zilizobaki kifaa kitajibu "sijui", hata kama kimetengenezwa bila dosari yoyote.